Hesabu ya Shoro, Biebrza

Saa tatu kasorobo usiku, na jua bado lipo,
limeegemea magugu kama mgeni asiyejua kuaga.
Tunapita juu ya ubao mmoja mmoja,
baba mbele, mimi nyuma na daftari,
maji meusi yakifyonza chini ya viatu vya mpira.
Mbu wa kinamasi hiki hawana adabu:
ukifungua kinywa kusema neno, wanaingia nalo.

Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la maziwa,
na kila Juni akaomba likizo ya siku nne
aje kuhesabu ndege wenye uzito
wa vijiko viwili vya sukari.
"Kalina," hunionya, "usiniandikie rangi.
Rangi ni ya wavivu. Hawa wote ni kahawia.
Tazama kichwa."

Basi natazama kichwa.
Huyu aliyeng'ang'ania bua la tete,
nyusi nyeupe, utosi wa giza
kama kofia iliyovutwa mbele:
huyu ni yule wa kila siku, mpayukaji,
aanzaye sentensi kumi asimalize hata moja.
Lakini pale, Wacław alipofyeka mwaka jana,
kimoja kimeruka, kimetua, kimegeuka,
na mstari wa manjano umeugawa utosi katikati
kama njia ya kitana
kwenye nywele za mtoto siku ya kwanza ya shule.
"Ndiye," baba anasema
kabla sijainua darubini.
Naandika: mmoja. Naikoleza ile moja kwa kalamu.
Wa namna hii wamebaki wachache,
sitaki mvua ije inifutie.

Macho yake hayajazeeka. Masikio ndiyo.
Majira ya baridi, daktari wa Białystok
alimchorea mstari wa usikivu wake:
ulikwenda sawa, sawa,
ukafika penye sauti nyembamba, ukaporomoka
kama mtu aliyekosea ngazi gizani.
Baba akaikunja karatasi mara nne,
akaitia kwenye kopo la misumari.
Hatukuizungumza.

Sasa giza. Sasa matete yanawasha cherehani zao.
Kushoto, mahali fulani karibu na mto,
kitu kinazunguka, chembamba, kikavu,
kama gurudumu la baiskeli mteremkoni
mwendeshaji akiwa ameacha kukanyaga.
Wako wawili waimbao hivyo, shoro-panzi
na binamu yake wa matete mazito,
nami kila mwaka huwachanganya.

Baba amesimama, shingo mbele.
"Mwaka huu," anasema, "hawakuja."

Hewa yote inalia cheree, cheree,
kama kijiji kizima kinashona nguo za harusi.

Sina maneno ya kumwambia.
Namshika kifundo cha mkono.
Sauti ikianza, nabana.
Ikikatika, naachia.
Anadhani nimeogopa kuteleza. Mara ya pili
anaelewa. Anafumba macho.

Nabana. Ukungu unapanda mpaka magotini.
Nabana bado. Chura anaanza, anajuta, anaacha.
Mbu amenikalia shavuni, na anywe tu.
Nabana mpaka vidole vinaingia ganzi,
na chini yake nausikia mshipa wa baba
ukihesabu kwa kasi yake,
midomo yake ikihesabu pia.

Naachia.

"Yule binamu," anasema polepole,
"angekuwa ameshapumua mara tatu.
Andika panzi."

Mimi mwenye masikio mazima
naandika nilichoambiwa na asiyesikia,
na najua ni kweli.

Yeye tayari amegeuka.
Amehamishia fimbo mkono wa kushoto,
wa kulia ameunyoosha kwangu gizani,
mkono wa shati umekunjwa mpaka kiwikoni.
"Haya," anasema. "Na upande ule?"